Mbwa Niliyemfuata Likasi

Nilikwenda Likasi kwa sababu ya wezi. Mara mbili mwaka huu waliruka ukuta wetu hapa Lubumbashi, na mara ya pili nilimsikia mmoja akikohoa nje ya dirisha langu. Mume wangu Faustin anafanya kazi mgodini Kolwezi, hurudi mwisho wa mwezi tu. Baba yake mdogo, papa Célestin, ni rais wa klabu ya wafugaji wa mbwa aina ya berger allemand, wale wa polisi, huko Likasi, naye alituahidi mbwa aliyekwisha kufundishwa. Kasoro ilikuwa moja: mimi naogopa mbwa kuliko wezi.

Jumamosi, alfajiri. Ilikuwa Juni na baridi iling'ata. Nilivaa koti la kazi la akiba la Faustin, la buluu lenye mistari inayong'aa, nikajitanda kitenge juu yake. Njia nzima malori ya madini yalitupita yakitutimulia vumbi. Vilima vya Likasi vilipoanza kuonekana, niliomba gari liharibike. Halikuharibika.

Saa nne, Shituru, mtaa wa kiwanda huko Likasi. Papa Célestin alinipokea kwenye nyumba ya zamani ya wafanyakazi, karibu na reli. Ni mstaafu wa kiwanda, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola.

"Yambo, mama Béa! Béa iko muzuri?"

"Iko muzuri, papa," nikajibu. Binti yangu nilikuwa nimemwacha kwa jirani.

"Na weye, juu ya nini unatetemeka?"

"Ni baridi," nikadanganya.

Alitoa daftari la shule lililofungwa kwa plastiki. Ndani yake mna majina ya mbwa wote wa klabu, na kila mwaka una herufi yake: watoto wote wa mwaka wa R huanza na R. Alinisimulia jinsi wasimamizi wazungu wa kiwanda walivyoondoka wakawaachia wapishi na walinzi mbwa wao. Baba yake alikuwa mpishi. Akabaki na majike mawili. Watu walimcheka, mshahara haufiki na bado anapikia mbwa bukari, yaani ugali. Lakini vizazi vya majike wale vilifika Kambove, vikafika Kakanda, na wenye mbwa wakaanza kukutana kila Jumamosi.

"Yako anaitwa Reine," akasema. "Iko na miaka saba. Haiko na makelele. Ikiruma, inashika tu, haiachie mpaka niseme."

Alidhani ananituliza.

Saa nane, uwanjani. Mbwa tisa walipita mmoja mmoja, wakakaa, wakalala, wakasimama kwa amri. Vyeti vya chanjo ya kichaa cha mbwa vilikaguliwa. Kisha akaja "mwizi," mfanyakazi wa reli aliyejifunga magunia mikononi na kuvaa koti la suti la bwana harusi. Mbwa walipomrukia, nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikauliza kwa nini suti. Papa Célestin akatazama pembeni, akasema tutaongea baadaye.

Jua lilikuwa limekolea, nikavua kitenge, nikabaki na koti. Papa Célestin alikwenda kumfungua Reine, aliyekuwa amefungwa peke yake kando ya uwanja, akawa ananiletea kwa kamba iliyolegea. Reine aliinua kichwa. Hakubweka. Kamba ikamponyoka mzee, na kabla sijavuta pumzi, mkono wangu ulikuwa kinywani mwa mbwa.

"Usikimbie, mama! Reine, lâche! Lâche!"

Akaachia. Ngozi ilikuwa na alama za meno, damu hakuna. Sioni haya kusema kwamba nilijikojolea.

Papa Célestin alitazama mkono wa koti la buluu, akakaa chini kwenye majani.

"Ni kosa yetu, mama. Zamani hatukukuwa na nguo ya mwizi. Tulikuwa tunavala makoti ya kiwanda, njo yenye tulikuwa nayo. Imbwa zikajua: koti ya bulu ni mwizi. Siku moja, imbwa moja ikashika jirani yetu, anatoka kazi. Njo tukabadirisha. Lakini Reine alifundishwa kabla ya ile siku. Nilizani alishasahau."

"Papa, Faustin anarudiaka nyumba na koti kama hii."

Alifunika uso. Mbwa mwingine mkubwa wa kutoa hakuwa naye, ila watoto wa miezi miwili. "Ukitaka kumuacha, umuache. Sitakasirika."

Nilitaka kumwacha. Kisha nikasikia tena kile kikohozi cha dirishani, nikauliza kama kuna dawa.

Kuanzia Jumapili hadi Jumatano, nyumbani kwa papa Célestin. Dawa ilikuwa mimi. Kila asubuhi na jioni nilivaa koti lile, nikamlisha Reine bukari kwa mkono wangu, nikisema "assise," yaani kaa, kabla ya kila tonge. Siku ya kwanza alinguruma hadi chakula kikaisha. Siku ya nne alinusa mkono wa koti, akala. Woga wangu haukupungua, ila nilijua kusimama nao.

Alhamisi, njia ya kurudi. Nilikodi gari, Reine amefungwa mdomo miguuni pangu. Kwenye kizuizi cha ushuru, mwanamume mwenye koti la buluu aliinama dirishani. Ngurumo ya mbwa niliisikia kwenye magoti. "Assise," nikasema kwa sauti nisiyoijua. Reine akakaa.

Nilichojifunza Likasi ni kwamba mbwa hana kosa, anakumbuka tu tulichomfundisha, hata sisi tukiwa tumeshajuta. Ukuta wetu haujarukwa tena, na bado silali vizuri.

Mwisho wa mwezi, saa kumi jioni. Nilikuwa nimempigia Faustin simu avue koti kabla ya kufika. Faustin ni mtu wa kusahau. Mlango wa lupango, ua wetu, ulifunguka, nikaona buluu. Reine aliinuka, nami nilikuwa nimejizungushia kamba mara mbili mkononi.

"Assise!"

Alikaa, mwili wote unamtetema. Faustin alijibana mlangoni, mikate imemwanguka.

"Mama Béa," akanong'ona, "nani iko na woga hapa, miye ao ile imbwa?"

"Siye bote batatu," nikamwambia. "Vula koti. Polepole."