Karani wa Dirishani

Zamani katika mji huu mdogo wa jimbo la Montana, Marekani, watu walisema "basi la Duane", kwa jina la dereva wake, na kila mtu akajua linaondoka saa ngapi. Siku hizi yupo karani kwenye dirisha la tiketi ambaye neno basi humwasha mdomoni kama pilipili. Kiingereza humruhusu mtu kuunganisha majina kama mabehewa, naye huyaunganisha mpaka kichwa cha treni hakionekani. Kucha zake ni fupi, safi, na kwa kila jina analoongeza hugonga meza kwa kidole. Alhamisi moja mzee Orville, akiwa na kopo la supu ya kumpelekea mkewe Inga anayetunzwa katika nyumba ya wazee mji wa pili, alimuuliza, "Binti, basi limeshapita?"

"Unakusudia Chombo Shirikishi cha Usafiri wa Wakazi wa Vijijini?"

"Nakusudia lile bovu, ambalo mlango wake unafungwa kwa kamba."

"Ile si kamba, mzee wangu. Ni Kizuizi cha Muda cha Usalama wa Abiria."

Orville alicheka hadi supu ikamwagikia glavu.

Tangu hapo majina yalirefuka kila mwezi, na safari zikapungua. Mwezi wa Januari Orville alimkuta karani akibandika tangazo refu kama hati ya shamba. Alilisoma lote, akalirudia, asiambulie kitu.

"Binti, niambie tu kwa lugha ya watu. Inga ananisubiri. Alhamisi kuna basi?"

Karani alitazama kucha zake. "Hakuna."

Ndilo jibu fupi kuliko yote aliyowahi kumpa, na Orville hakumwona Inga tena.