Saa ya Mbao Iliyogonga Kiswahili

Katika kibanda changu cha ufundi hapa Songea zimepita saa za ukutani za kila zama. Kuna za zamani za mbao, zimechongwa maua mpaka kichwani, mkia wa shaba unabembea ndani ya kioo. Zikaja za duara za maofisini, hazina pambo hata la kusingizia. Siku hizi ni plastiki yenye rangi ya dhahabu, betri moja, bubu kabisa. Elimu yangu ya sekondari niliipata kwenye masomo ya jioni nikiwa tayari na ndevu, lakini kwa zile za mbao hakuna wa kunishinda kutoka hapa mpaka Tunduru, labda mpaka baharini.

Basi jirani yangu akaniletea saa ya marehemu baba yake, nzito kama mlango wa kanisa. Ilikuwa imesimama. Mama yake haoni tena, hujua muda kwa kuhesabu kengele yake. Fundi mwingine alishauri mashine itolewe, itiwe ya betri. Nilikataa kama mtu aliyeombwa figo.

Nikaisafisha, nikaipaka mafuta, ikaamka. Ila mishale ikionyesha saba, kengele iligonga moja. Nikaona hilo ni kosa, nikalinyoosha, nikairudisha kwao huku natembea kwa madaha.

Kesho yake asubuhi jirani akaja amekunja uso.

“Fundi, mama ameagiza ugali wa mchana, watu bado tunapiga mswaki.”

“Kwani iligonga ngapi?”

“Saba. Na sasa ni saa moja. Anasema haiamini tena, tuishushe ukutani.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Fundi wa kale aliiacha mishale ifuate uso wa saa, kengele akaitega ihesabu kama tunavyohesabu sisi. Kazi ya bingwa, nami nimeivuruga kwa ubingwa wangu.

Nikabeba vifaa mpaka kwao.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Ni wewe uliyeifundisha saa yangu uongo?”

“Ni mimi, bibi. Nimekuja kuitubisha.”

Nikainua waya wa kengele, nikaigongesha saa baada ya saa bila kugusa mishale, mpaka ikakaa sawa. Kisha tukasubiri. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko safari ya basi enzi za matope.

Mishale ikafika kumi. Bibi akahesabu kwa vidole, kidole cha nne kikabaki hewani.

“Saa nne,” akamwambia mwanawe. “Chai yangu iko wapi? Na ya fundi?”