Ng'ombe wa Mseti Hafi Amechoka

Mseti Nchagwa ana bucha hapa Nyamisangura, na mimi Waisiko nina jiko la nyama choma mlangoni pake. Yeye anakata, mimi nachoma. Nyama ikiwa laini, sifa ni za Mseti. Ikiwa ngumu, Waisiko hajui kuchoma. Nimeishi na dhuluma hiyo miaka kumi na tisa, kwa hiyo nina haki ya kumsimulia.

Ni mtu mwema, ila hatulii. Anakula amesimama. Kanisani anakaa ukingoni mwa benchi kama anayesubiri kuitwa. Mkewe alifariki binti yao Gati akiwa darasa la pili, na Mseti alimlea peke yake, kwa mbio, na mbio hizo hazijakwisha mpaka leo. Fahari yake ni kuuza nyama ambayo bado inacheza. Anatundika paja kwenye ndoano, misuli inarukaruka, anamgeukia mteja: "Umeona? Hata yenyewe haijajua imekufa!" Wateja wetu wanapenda hivyo. Nyama iliyolala wanaiita mabaki, hata kama imelala pazuri kuliko wao.

Mwaka juzi Gati, ambaye sasa anafundisha biolojia huko Issenye, alipata mchumba, mwalimu mwenzake aitwaye Vicent. Wazee wa Vicent walituma habari kwamba watakuja Jumamosi kuposa, wakiongozwa na baba yake, mzee Simoni. Gati alimpenda yule kijana mpaka akawa anacheka peke yake akiosha vyombo. Niliomba Mungu kisiharibike kitu.

Kwetu mgeni wa heshima huwezi kumchinjia nyuma ya nyumba. Lazima amwone ng'ombe akiwa hai, amkubali, ndipo kisu kifanye kazi. Basi Mseti, kwa kutotulia kwake, akanunua dume mnadani asubuhi ileile, akamswaga mwenyewe kwa fimbo na kelele, kilima baada ya kilima, ili awahi. Walifika wote wawili ulimi nje. Wageni walimtazama dume, wakamkubali, akachinjwa papo hapo. Ilikuwa saa nne. Saa tisa nyama ilikuwa mezani.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wetu aliugua. Mzee Simoni ana meno machache na anayatunza. Alitafuna kipande kimoja mpaka machozi yakamlengalenga, akakitoa kwa adabu, akakiweka pembeni mwa sahani.

"Bwana Mseti," alisema kwa upole, "dume tuliyemwona alikuwa kijana. Hii nyama ni ya babu yake. Kama hamtaki kutupa binti, mngesema tu."

Wakaondoka kabla ya chai. Mseti akanigeukia mimi.

"Waisiko, umechoma nini?"

"Nimechoma ulichokata!" Nilikuwa na koleo mkononi, na shetani alinishawishi.

Gati ndiye aliyetuamua, macho yamemvimba kwa kulia. "Tata," alimgeukia baba yake, "ulimkimbiza yule dume?"

"Nilimharakisha."

"Basi alikufa amechoka."

Akachukua pande la nyama mbichi lililobaki, akatuonyesha nyuzi zake. "Humu kuna nyuzi nene na nyuzi nyembamba, zimepangwa bega kwa bega. Amri ikitoka kwenye ubongo, kalsiamu inamwagika kutoka ghala lake ndani ya msuli. Hapo nyuzi nene, ambazo zina vichwa vidogovidogo, zinazishika zile nyembamba na kuzivuta. Msuli umekaza." Akakibana kiganja changu kwa nguvu. "Sasa, vichwa haviachii bure. Kila kimoja lazima kipate chembe ya ATP, ile nguvu ambayo mwili unaitengeneza kutokana na chakula. Na kalsiamu nayo lazima isukumwe kurudi ghalani. Pampu zake zinakula ATP hiyohiyo."

"Yaani kulegea nako ni kazi?" nikauliza.

"Ni kazi, mama. Kila nyama hukaza baada ya kuchinjwa, kwa sababu ATP inakwisha na vichwa vinabaki vimeshika. Dume wetu alimaliza akiba yake vilimani, akakaza upesi. Tukamchoma akiwa hivyohivyo. Tungemtundika mpaka kesho, vimeng'enya vyake mwenyewe vingezikata nyuzi polepole."

Mseti alikaa chini. Alikaa kabisa, mgongo kwenye kiti.

"Kwa hiyo hakukaza kwa ubishi," alisema. "Aliishiwa nguvu za kuachia."

Jumatatu alipanda bodaboda mpaka kwa mzee Simoni, akakiri mbele ya ukoo kwamba alimkimbiza ng'ombe wa wageni. Mzee Simoni, mfugaji tangu utoto, alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini hakuahidi kitu. Alisema watakuja tena mara moja tu, waonje.

Safari hii dume alifika wiki nzima kabla, akala majani na kunywa maji kama mfalme. Wageni walikuja Ijumaa, wakamkuta amelala anacheua. Akachinjwa mchana huo, akatundikwa. Jioni tuliwapa supu na maini tu, na wale wazee wawili, Mseti na Simoni, hawakuwa na la kufanya ila kukaa. Mseti alisimama mara tano kwenda kutazama nyama, na mara tano nilimrudisha. Mara ya sita hakusimama. Walikuwa wamefika kwenye habari za magoti yao, na mzee Simoni amevua viatu.

Jumamosi nilichoma, nikigeuza kipande kimoja kimoja. Mzee Simoni akatafuna, akameza, akachukua kipande cha pili.

"Huyu," alisema, "ndiye tuliyemwona."

Gati alikimbilia jikoni kulia, safari hii kwa furaha, nami nikalia naye. Tuliporudi, mzee Simoni alikuwa anauliza, "Basi, bwana Mseti, ng'ombe wa mahari tuwalete lini? Wiki ijayo?"

Mseti alimtazama binti yake akipanga vikombe. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Nilimwona akiuachia, kidole kimoja kimoja.

"Waleteni," alisema. "Ila msiwakimbize. Kwenu ni mbali. Wapumzike njiani, wale majani, hata mwezi mzima."