Uzi Niliokata Mwenyewe

Nilimpiga muuguzi teke la kifua. Naanza na hilo kwa sababu nimezoea kulisimulia mwisho, kwa kicheko.

Kwa miaka miwili nilijitibu bawasiri nisiyokuwa nayo. Ushonaji nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikaamini hata udaktari mtu hujifunza hivyo. Nilikalia beseni la maji ya chumvi kila asubuhi kabla ya kushuka dukani kwangu, mtaa wa Asiatique. Nilipoharisha damu, nililaumu pilipili. Jipu lilipoota kando ya njia ya haja kubwa, nikawa nashona nimesimama.

Mwishowe nilikwenda hospitali. Daktari alinilaza ubavu, akatazama, kisha akauliza habari za jipu na za tumbo. Hakuna aliyewahi kuniuliza mambo hayo mawili pamoja. Akasema ni utumbo unaougua, nao umejichimbia njia hadi kwenye ngozi, ikipita katikati ya msuli unaobana choo.

"Nikipasua njia yote, utavaa nepi maisha yako. Nitapitisha uzi tu, usaha utoke. Uuache hapo, miezi."

Uzi ule ulining'inia, na fundo lake lilikuwa baya. Mimi simkabidhi mteja nguo yenye uzi unaoning'inia. Siku ya tisa niliutazama kwenye kioo, nikaukata kwa mkasi wangu mdogo, nikauvuta wote. Nilijisikia nadhifu.

Ngozi ilifunga, usaha ukabaki ndani. Homa ilipoanza kunitetemesha, mama alinirudisha hospitali. Nyama ilikuwa imevimba mno, ganzi haikushika, wakapasua hivyohivyo. Hapo ndipo nilipompiga muuguzi. Mkono wa mama niliuuma hadi ukatoka damu.

"Uma tu, mutoto yangu," alisema. "Zamani uliniuma na meno mbili, leo uko nayo yote."

Daktari akaingiza kidole, akaniambia nibane. Nilibana huku nikilia, nikisubiri aseme kama nimejiharibu.

"Msuli bado upo. Uzi uko wapi?"

"Niliukata. Ulikuwa unaning'inia."

"We ni fundi nguo?"

"Ndiyo."

"Basi hapa fundi ni mi. Usiguse kazi yangu."

Kesho yake alinilaza usingizi, akapitisha uzi mwingine. Dawa za utumbo zingefuata usaha ukiisha. Nilipoamka, mama alikuwa na bandeji mkononi. Nilimwomba radhi, yeye akauliza kama nimeenda choo.

Nilisimama, nikashika ukuta, nikavuka ukumbi wote hadi chooni nikiwa nimebana, na sikudondosha kitu.