Kufuli la Simu ya Dada

Mtu aliyenikera kuliko wote hapa Kamina ni mwenye mashine ya ujumbe wetu. Tulikuwa tunaandikiana kwa programu ya bure, ile ambayo fundi yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kila ujumbe ulipita kwenye kompyuta yake, naye alikuwa anausoma. Anausoma kabisa, bila haya! Halafu jioni, akinywa bia na shemeji yangu, mume wa dada, askari wa base, ile kambi ya jeshi, anamsimulia alichoandika dada yangu.

Dada alitaka kumkimbia huyo shemeji, arudi na mtoto wake kwa mama, kule Mulongo. Meno yake mawili yalikuwa yameshatoka kwa ngumi za mumewe. Alihitaji tu tupange safari bila mbea katikati.

Basi nikaandika sehemu ya kufunga ujumbe: unafungwa ndani ya simu ya anayetuma, unafunguka kwa anayepokea tu, njiani ni takataka tupu. Mafundi wakubwa wa programu, huko Ulaya, walinirudishia kazi kwa dharau. Nikawatukana kwa Kiluba, nikarekebisha, wakakubali. Mwenye mashine akanipigia: “Weye, unaficha nini?” Nikamwambia akalime mihogo.

Dada akaniandikia: “Kesho asubuhi, mi na mutoto. Leta moto.” Nikajibu nitamngoja na hiyo moto, pikipiki yangu, kwenye kona ya soko. Yule mbea hakuambulia kitu. Nilicheka peke yangu, jamani!

Kwao hakuna umeme, kwa hiyo dada alipeleka simu kwenye kibanda cha kuchajia. Huku simu inaachwa wazi, bila namba ya siri, ili mwenye kibanda awajibu wanaopiga kwamba inachaji: “Mwenyewe hayuko, simu iko mu courant.” Ukiifunga, watu wanasema unaringa.

Asubuhi kwenye kona alikuja shemeji. Alikuwa ameshika simu ya dada, maneno yangu yanang'aa usoni pangu.

Nikamkimbilia mwenye kibanda. “Bwana yake aliiomba,” akasema. “Ningekatala namna gani?”

“Ungekatala kwa mdomo, mbwa weye!”

Shemeji alikuwa amenifuata, anacheka. Akatoa simu yake mwenyewe.

“Kufuli yako iko muzuri, shemeki. Weka na mu yangu. Niko na bibi mwingine Kabondo-Dianda, sitaki bantu basome.”

Nikakataa. Programu ni ya bure, haimkatai mtu. Akaiweka mwenyewe, palepale, mbele yangu. Dada bado yuko kwake, na hana simu tena.