Nyota Nne na Mwezi wa Mabrouk

Bendi yetu iliitwa Nyota Nne, na tulikuwa watatu. Usiniulize kwa nini. Wa nne alipanda meli kwenda Dar es Salaam wiki ya pili, na jina lilikuwa limekwisha andikwa kwenye ngozi ya dramu kwa rangi nyekundu. Mimi Bakar nilipiga dramu hiyo. Hasan alipiga gita la besi. Mwenye bendi hasa, aliyeimba na kupiga gita la kwanza, alikuwa Mabrouk Silima, fundi cherehani wa Mkunazini.

Mabrouk alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea kitambaa, alikuangalia mara moja tu, hakushika futi ya kupimia, na suruali ilikukaa. Dada yake, Bi Mwatum, alisema kaka yake alianza kupiga gita kabla hajajua kupanga foleni ya mchele, na sote tulijua foleni miaka ile. Hakuoa, hakusafiri, hakugombana na mtu. Miezi minane ya mwaka 1969 ndiyo peke yake aliyopata kuitwa mwanamuziki.

Vyombo havikuwa vyetu, vilikuwa vya klabu ya vijana. Afisa wa klabu alituambia waziwazi: "Mtapiga siku moja mbele yangu. Mkinipendeza, vyombo vitabaki kwenu. Msiponipendeza, kuna wengine wanavingoja." Siku tuliyopewa ilikuwa mwezi ishirini na tisa Shaabani, alasiri, katika ukumbi wa ghorofani karibu na Forodhani. Watu walikuwa katika vunja jungu, wanakula na kufurahi kabla ya mfungo, tukaona tumepata bahati. Hatukuwa na akili.

Mabrouk alikuwa na wimbo wake mwenyewe. Alitusikilizisha ubeti wa kwanza na wa pili, kisha akaliweka gita chini. "Uliobaki mtausikia siku hiyo," alisema. Hasan aliona huo ni upuuzi. Yeye alitaka wimbo wake uwe wa mwisho, wakatoleana maneno jana yake mbele yangu. Kumbuka hilo, maana mimi nililikumbuka mno.

Tulianza saa kumi. Tukapiga nyimbo saba, na afisa alitikisa mguu, kwa macho yangu nilimwona. Ikabaki ya Mabrouk. Adhana ya magharibi ikaingia, tukashuka kusali, na baada ya sala watu wote wakaenda Forodhani kutazama mwezi upande wa baharini. Mawingu yalikuwa mengi. Mimi nilipanda tena, nikabaki mlangoni mwa ukumbi nafunga kamba ya dramu, nikasikia sauti kutoka kwenye umati:

"Umeandama! Mwezi umeandama!"

Basi. Nani atapiga gita usiku wa kuamkia Ramadhani? Akina mama walianza kukimbilia majumbani kutafuta daku. Afisa alipanda juu, akamwambia mwangalizi afunge ukumbi, akaniambia mimi, "Haya, mfungo mwema." Baada ya isha redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana mahali popote, Shaabani itimizwe thelathini. Tulikuwa tumebakiwa na usiku mzima na siku nzima, lakini hatukuwa na ukumbi wala afisa. Baada ya Idi vyombo walipewa vijana wengine, waliokuwa na sare.

Nani aliyepiga kelele ile? Nilichanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hushika lililo karibu. Hasan alikuwa na sauti ya kupasua ukuta. Hasan alisimama upande ule ilikotoka. Hasan hakuutaka wimbo. Nikamwambia usoni kwamba ametuua. Akasema, "Si mimi." Mabrouk alikuwepo, akatazama viatu vyake. Hasan alirudi kijijini kwao Paje, na kwa miaka mitatu sikumpelekea hata salamu.

Mwaka wa sabini na mbili suruali pana chini zilikuwa zimepigwa marufuku, zinawatia vijana mashakani, na kazi kubwa ya Mabrouk ikawa kuzipunguza. Nilimpelekea yangu nyumbani kwao. Bi Mwatum alileta chai, Mabrouk akasema ana sunna ya Alhamisi, amefunga.

"Huyu na funga zake!" Bi Mwatum akacheka. "Mwaka ule wa bendi yenu alifunga siku moja kabla ya watu. Nnamtilia chai, anikatalia. Nnamwuliza, hujasikia redio?"

Bi Mwatum akarudi jikoni. Mimi nilibaki na kikombe mkononi. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua: aliyeuona mwezi kwa macho yake inamlazimu kufunga, hata kama dunia nzima inakula.

"Ni wewe," nilimwambia.

Cherehani ikasimama.

"Wimbo ulikuwa haujesha, Bakar. Ubeti wa tatu haukunijia. Nlikuwa nimesimama pale, naomba kitu kinitoe. Nkaona weupe katika mawingu. Nliuona, au nliutaka? Mwenyewe sijui. Nkafunga, labda itakuwa kweli."

"Na Hasan?"

Akakanyaga cherehani tena. Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, sikujua lipi litangulie. Niliiacha suruali pale pale.

Ijumaa nilikwenda Paje. Nilimkuta Hasan anasuka makuti ya paa. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Hakushangaa hata kidogo.

"Nlikuwa ubavuni kwake," alisema. "Kanipigia kelele sikioni."

"Ulijua! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba rafiki yangu kasema uongo? Mie sikuuona, lakini yeye kasema kauona." Akavuta kuti jengine. "Kesho yake na mimi nkafunga."

Niliketi chini kwenye mchanga. Siku hiyo waliyofunga wao, kwa kuwa redio ilikwisha sema, mimi nililala mpaka jua kali, nikaamka nikala chapati mbili na chai ya maziwa, huku namlaani Hasan.