Rangi ya Kijani Chini ya Bolti

Siku hiyo tulikuwa watu watano uani kwetu Mweiga, na wote nitawataja. Baba yangu Gathogo. Mama yangu Nyawira. Tata Wangechi, dada ya baba, ambaye hakuolewa na ulimi wake ulijua ni kwa nini. Mwalimu Wafula, jirani aliyetoka magharibi kuja kufundisha watoto wa huku. Na mimi Muthoni, nikiwa darasa la pili. Wa sita hesabu pikipiki, maana baba aliipenda kama mtu.

Nimewakumbuka kwa sababu ya mjukuu wangu. Juzi alileta fundi kutoka Gatitu, msichana anaitwa Njoki, aifufue hiyo pikipiki iliyokaa stoo tangu wakati ule. Nikaketi kando nikimenya viazi, nikimwangalia.

Wiki ile baba alikuwa ameifungua yote akaipaka rangi ya kijani, ile iliyobaki baada ya kupakwa mlango wa kanisa. Akanipa brashi ndogo nimsaidie mahali mkono wake haukuingia. Harufu ya rangi na mafuta taa ilikaa kwa nywele zangu hadi mama akakataa nisikande unga. Jumapili tulipotoka kanisani tukapata ujumbe: cucu Wangari, mamake mama, huko Mwea, amezidiwa, anamwita Nyawira. Basi lilipita mara moja kwa siku, na lilikuwa limepita. Mama akafunga kitambaa kichwani, akasimama kando ya pikipiki na kikapu cha viazi mkononi.

Baba akapiga kiki. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Mwalimu Wafula akaja na balbu ndogo yenye waya mbili. Akaigusisha kwa betri, ikawaka, tukafurahi. Halafu akashika waya moja kwenye chuma cha injini, na nyingine akawa anagusisha waya za pikipiki moja moja: ya taa, ya honi, ya koili. Giza.

"Gathogo, waya zako zimekufa zote."

"Zote siku moja, mwalimu? Kwani ni kuku?"

"Imependeza kama bibi arusi," tata akasema, "na kama bibi arusi imekataa kuongea."

"Wangechi, wewe leta chai. Hii ni sayansi."

Walizitoa waya zote, wakakwaruza ncha zake kwa wembe, wakazirudisha. Chai ikapoa ikafanya ngozi juu. Mama hakukaa. Kila balbu ikikataa, alihamisha kikapu mkono mwingine. Jua lilipoteremka nyuma ya Nyandarua ndipo alipokiweka chini.

Aliondoka na basi kesho yake. Akakuta cucu amefariki alfajiri. Waliomlinda wakamwambia alikuwa akiuliza, "Nyawira amefika?" hadi sauti ikaisha. Baba, aliyezoea kusema pikipiki ni kama ng'ombe, haikunyimi bila sababu, hakusema hivyo tena. Aliisukuma stoo akafunga mlango, na fundi yeyote aliyeiulizia alifukuzwa.

Sasa Njoki. Aliweka betri mpya, haikusaidia. Akafungua bolti moja chini ya tangi, inayobana waya ya athi, ile ya kurudisha umeme kwa betri. Akakwaruza na kisu.

"Cucu, kuja uone. Hapa palipakwa rangi. Umeme unatoka vizuri, lakini hauna njia ya kurudi."

Akasugua hadi chuma kikang'aa, akakaza bolti. Taa ikawaka. Mjukuu wangu akapiga makofi.

Mimi kiazi kilinitoka mkononi. Nilimsikia baba: "Muthoni, hapa pa ukubwa wa kidole gumba, usipake." Na wakati ule niliona hicho kidoa kitupu kilivyo kibaya katikati ya kijani chote. Nikapaka.

Wale wanne hawako tena. Sina wa kumwambia pole. Njoki naye ati ananifariji, "Usijali cucu, ilikuwa shida kidogo tu, ya dakika kumi."

Dakika kumi.

Watoto wa Mwalimu Wafula, kama hii itawafikia, na yeyote aliyesikia habari za siku ile kwa mzazi wake: mimi ni mzee. Majina niko nayo yote, lakini mambo mengine pengine nayachanganya. Kama pale chini ya tangi alipaka baba mwenyewe, au brashi ilikuwa na mtu mwingine, tafadhali nirekebisheni.